Imani ya Mteja katika Chumba cha Ushauri: Mwongozo kwa Washauri Nasaha wa Lubumbashi

Mjini Lubumbashi mshauri nasaha si mtu wa kwanza kusikia shida ya mteja wake, na mara nyingi si wa pili wala wa tatu. Kabla ya kufika kwake, mjane, mwanamke aliyekosa mtoto, au baba ambaye usingizi umemkimbia tangu apoteze kazi, huwa amekwisha kuketi na wazee wa ukoo, ameombewa na kikundi cha sala katika komini ya Katuba au Ruashi, na pengine amepelekwa kwa mganga wa jadi baada ya giza kuingia ili majirani wasione. Kwa hiyo anapofika huwa tayari ana maelezo ya shida yake, na maelezo hayo yana uzito kuliko yale ambayo mtu aliyesomea saikolojia anaweza kumpa katika saa moja. Ushauri nasaha, yaani msaada wa kitaalamu unaotolewa kwa mazungumzo ya siri ili mtu aielewe hali yake na kuamua mwenyewe hatua ya kuchukua, huanzia basi mahali ambapo imani imekwisha kusema neno lake.

Maadili ya kazi hii hayamtaki mshauri aamue kama neno hilo ni la kweli au si la kweli. Yanamtaka ajue linafanya kazi gani katika maisha ya mteja, na nani anayelipa gharama yake. Imani inaweza kumtegemeza mtu, inaweza kumweleza kwa nini mambo yamemharibikia, na inaweza pia kumnyoshea mtu mwingine kidole. Kwa zile mbili za kwanza mshauri anatakiwa kuwa na subira kubwa kuliko wengi walivyozoea. Kwa hiyo ya tatu, hasa kidole kikimwelekea mtoto, subira hiyo ina mpaka, na mpaka huo umeandikwa katika sheria ya nchi.

Mazingira ya imani katika mji huu

Mshauri asiyeijua historia ya dini Katanga atachukua mambo ya kawaida kuwa dalili za ugonjwa. Mji huu, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ulilelewa kwa pamoja na kampuni ya Union Minière, utawala wa Kibelgiji na misheni za Kikatoliki. Wasalesiani walifika mwaka 1911, Wamethodisti, Wapentekoste na Wagarenganze wakapata makao yao katika jimbo, na kutoka upande wa kusini yakaingia mafundisho ya Kitawala, yaani yale yaliyotokana na Watch Tower, na baadaye ya Bapostolo wa John Maranke, nabii wa Zimbabwe ya leo. Simon Kimbangu, aliyehukumiwa mwaka 1921 kwa sababu ya mahubiri na uponyaji wake huko Kongo ya Chini, aliletwa kufungwa katika mji huu huu na kufia kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951. Mshauri anayeharakisha kumwita mhubiri fulani mgonjwa wa akili au mchochezi angefanya vema kukumbuka kwamba Kanisa lililotokana na mfungwa huyo lilipokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1969.

Upo pia mfano wa namna nyingine ya kusikiliza. Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Kibelgiji ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichapishwa Élisabethville mwaka 1945, alikuja kuona kwamba kufundisha kabla ya kusikiliza hakuzai kitu, na katika miaka ya 1950, kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi upande wa Kolwezi, kikazaliwa chama cha Jamaa, ambamo mume na mke walizungumza kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo, na ambamo ndoto ilikuwa jambo zito la kusimuliwa mbele ya wenzao. Maaskofu walikuja kukitilia shaka chama hicho, na si kila kilichofanyika ndani yake kilistahili kusifiwa. Hata hivyo haitakuwa kutia chumvi kusema kwamba Katanga ilikuwa na aina yake ya ushauri wa ndoa, kwa lugha yake yenyewe, kabla ya neno saikolojia kuzoeleka mitaani.

Halafu ikaja njaa. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mishahara ya kampuni ya madini ya Gécamines ikakatika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameeleza jinsi baba aliyekuwa nguzo ya nyumba alivyopoteza heshima yake pamoja na mshahara. Makanisa ya uamsho yaliongezeka katika miaka hiyo hiyo, na si kwa bahati. Hata kabla ya hapo watu wa mji walikuwa na lugha ya kuzungumzia mali isiyoelezeka: picha za mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki anayempa mtu utajiri kwa masharti ya siri na ya kutisha, zilitundikwa ukutani katika vyumba vya kupokelea wageni. Mteja anayesema kwamba ndugu yake tajiri "amemuuza" hasemi jambo la ajabu kwa watu wa kwao, na mshauri asianze kwa kulishangaa.

Mshauri ajipime kwanza

Washauri wengi wa Lubumbashi ni waumini, baadhi yao ni mapadre, masista au wachungaji, na wengine hufanya kazi katika vituo vinavyoendeshwa na makanisa. Hilo si kosa, ila linazaa kile kinachoitwa uhusiano wa pande mbili, yaani hali ambapo mtu yule yule ni mshauri wa mteja na wakati huo huo ana mamlaka mengine juu yake, kama mchungaji wake, mwalimu wake au mzee wa ukoo wake. Pale inapowezekana mshauri aepuke hali hiyo kwa kumwelekeza mteja kwa mwenzake. Isipowezekana, amweleze mteja waziwazi, kabla mazungumzo hayajaanza, kwamba katika chumba hiki anakutana naye kama mshauri, kwamba atakayosema hayatafika kanisani, na kwamba hatapoteza nafasi yake ya kiroho kwa sababu ya jambo atakalokiri hapa.

Maelezo hayo ni sehemu ya ridhaa yenye kuelewa, maana yake kukubali kwa mteja baada ya kufahamu anachokubali. Mtu anayeingia katika kituo chenye msalaba mlangoni ana haki ya kuambiwa kama ushauri unaotolewa pale unatumia maombi au hautumii, kama anaweza kuyakataa, na kama kukataa kwake kutabadilisha huduma atakayopata. Mwislamu kutoka Kasongo anayetafuta msaada katika kituo cha Kikatoliki hatauliza maswali hayo kwa kinywa chake. Ni mshauri anayepaswa kuyajibu bila kuulizwa.

Kigumu zaidi ni hukumu ya kimyakimya. Mshauri aliyelelewa katika ndoa ya mke mmoja, akikutana na mke wa pili wa Mpostolo wa Maranke anayelalamikia upweke, atavutwa kuamini kwamba ndoa yenyewe ndiyo ugonjwa, ilhali mwanamke huyo hakuja kuuliza kama ndoa yake ni halali bali jinsi ya kuishi ndani yake, au jinsi ya kutoka, na hilo la kutoka litatajwa na yeye mwenyewe siku yake ikifika. Kanuni za chama cha washauri wa Marekani, katika toleo la mwaka 2014, zinakataza mshauri kumhamisha mteja kwa sababu tu ya kutofautiana naye katika imani au maadili binafsi. Kanuni hizo hazina nguvu ya sheria Kongo, lakini hoja yake inasimama popote, kwa kuwa mteja aliyehamishwa kwa sababu hiyo hujua amehukumiwa.

Namna ya kuuliza

Daktari Christina Puchalski wa Marekani alitunga mwaka 1996 mfumo mfupi wa maswali ya kiroho ambao umeenea sana katika hospitali: mteja huulizwa kuhusu imani yake, umuhimu wa imani hiyo katika maisha yake, jumuiya anayosali nayo, na jinsi angependa jambo hilo lishughulikiwe katika matibabu. Mfumo huu unafaa, ila hapa Lubumbashi swali la kwanza halipaswi kuwa "Unasali wapi?", kwa sababu mtu hulijibu kwa jina la parokia aliyobatizwa na kuficha kikundi anachokesha nacho kila Ijumaa. Swali lenye matunda ni lile la safari: "Papa, tangu shida hii ianze, mlipita wapi kabla ya kufika hapa, na huko mliambiwa nini?" Likiulizwa kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, litamtoa mchungaji, mganga, shangazi aliyeota ndoto, na dawa ya mizizi iliyo chini ya kitanda. Hiyo dawa iandikwe jina lake kama linajulikana, kwa maana baadhi ya mitishamba haipatani na vidonge vya hospitali, na mteja aliyechekwa mara moja hataitaja tena.

Baada ya hapo mshauri asikilize imani hiyo inamfanyia nini mwenye nayo. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament ametenganisha njia mbili za kutumia dini wakati wa shida: ile inayomsogeza mtu kwa Mungu na kwa wenzake, na ile inayomwacha akijiona ameadhibiwa, ametupwa, au amekabidhiwa kwa shetani. Mama aliyefiwa na mtoto anaweza kusema "Mungu ametoa, Mungu ametwaa" akiwa ametulia, na mwingine akayasema maneno hayo hayo akiwa amevunjika kwa hasira asiyothubutu kuitamka. Tofauti haipo katika mafundisho. Mshauri anaweza kuuliza, "Mama, ukiwa peke yako usiku, sentensi hiyo inakupa nini?" na kisha anyamaze.

Ombi la kuombewa

Hakuna jambo linalowasumbua washauri wapya kama hili. Mteja amelia, saa imekaribia kwisha, naye anasema: "Yaya, tuombe kidogo." Kukataa kwa ukavu ni kumfungia mlango mtu aliyeufungua moyo wake, lakini kukubali haraka ni hatari pia, kwa sababu maombi yanayotamkwa na mshauri ni maneno ya mtu mwenye mamlaka, na yanaweza kupitisha hukumu ambazo asingethubutu kuzisema katika mazungumzo. Mshauri anayemwombea mke aliyepigwa "apewe moyo wa kusamehe" amekwisha kumshauri arudi nyumbani, na amefanya hivyo kwa njia ambayo mteja hawezi kuijibu.

Njia iliyo salama ni kumwachia mteja maombi yawe yake. Mshauri anaweza kusema kwamba mteja akipenda kusali atanyamaza naye kwa heshima, na wakikutana tena wanaweza kuzungumza juu ya yale aliyoyaomba, ambayo mara nyingi ndiyo sentensi za kweli kuliko zote zilizosemwa siku ile. Katika kituo ambacho mteja alielezwa tangu mwanzo kwamba maombi ni sehemu ya huduma, na ambacho mshauri ni wa imani ile ile, maombi mafupi yanaruhusiwa, mradi yasitoe unabii, yasifukuze pepo, yasimtaje mtu kuwa chanzo cha shida, wala yasidaiwe fedha au sadaka. Wapo washauri wanaosali katika kila kikao ili waonekane wapole; wateja wao hutoka wamebarikiwa lakini hawajasikilizwa.

Mchungaji anapopiga simu

Mara nyingi mchungaji au padre ndiye aliyemtuma mteja, pengine ndiye aliyemlipia usafiri, na baada ya wiki mbili atapiga simu kuuliza kondoo wake anaendeleaje. Kwa mila ya hapa swali hilo ni la upendo, na kulikataa kunaonekana kiburi. Hata hivyo Kanuni ya Adhabu ya Kongo, katika kifungu cha 73 cha kitabu chake cha pili, inawaadhibu wale wanaofichua siri walizokabidhiwa kwa sababu ya kazi yao, na sadaka ya nauli hainunui siri hiyo. Jambo hili lisingojee simu ipigwe: katika kikao cha kwanza mshauri amuulize mteja nani angeruhusiwa kujua nini, aandike jibu lake, na mchungaji akipiga simu aambiwe kwa adabu, "Papa Pasta, asante kwa kumfuatilia, habari zake atakupa mwenyewe."

Hatari nyingine ni ushuhuda, yaani desturi ya muumini kusimama mbele ya kanisa na kusimulia alivyosaidiwa. Mteja aliyepata nafuu anaweza kuombwa ashuhudie habari za kubakwa kwake, au za maambukizi ya virusi vya UKIMWI, mbele ya watu mia tatu na simu zinazorekodi. Mshauri hawezi kumkataza, lakini anaweza kutafakari naye mapema nani atakayekuwapo, na nini kinaweza kusemwa kwa shukrani bila kufunua kila kitu.

Imani inapomshtaki mtoto

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inalinda uhuru wa dini katika kifungu cha 22, na katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaongeza adhabu katika kifungu cha 160: kifungo cha mwaka 1 hadi 3 pamoja na faini ya faranga za Kongo 200,000 hadi 1,000,000 kwa anayemshtaki mtoto kuwa mchawi. Mtoto kwa sheria hii ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Kwa hiyo mshauri anayesikiliza shutuma kama hiyo na kuitikia kwa kichwa hawezi kujitetea kwa kusema kwamba aliheshimu imani ya mteja.

Tuseme mama mmoja wa komini ya Kenya, hapa mjini, analeta binti wa miaka tisa, mtoto wa marehemu dada yake, anayekojoa kitandani na kusema usingizini. Tangu mtoto aje, mume amepoteza kazi, na mwonaji katika kikundi cha sala amesema kwamba mtoto huyo "anatoka usiku". Mshauri akimjibu mama kwamba mambo hayo hayapo, mama ataondoka na hatarudi, na mtoto atabaki mikononi mwa wale wale wanaomwogopa. Akisema "tutaomba", ameweka muhuri wake juu ya shutuma. Njia inayobaki ni kuishughulikia hofu na kumlinda mtoto katika pumzi moja. Mshauri amuulize mama, mtoto akiwa nje ya chumba, "Mama, usiku unaogopa nini hasa?" na amwache aseme yote, mpaka afike kwenye kodi isiyolipwa, mume asiyeongea, na msiba wa dada ambao haukuliliwa vya kutosha kwa sababu fedha za kilio ziliisha. Ndipo aseme bila kuzungukazunguka: "Hapa hatubishani na imani yako, Mama. Lakini mtoto hataitwa mchawi katika chumba hiki, na nyumbani asipigwe, asinyimwe chakula, asifungiwe, wala asilazwe kanisani kwa ajili ya kufukuziwa pepo. Ndivyo sheria inavyosema, na ndivyo tunavyofanya kazi hapa."

Kisha mtoto apimwe. Kukojoa kitandani kunaweza kutokana na maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, kifafa cha usiku, au huzuni ya yatima, na majibu ya maabara mara nyingi humpa mama njia ya heshima ya kurudi nyuma bila kukiri kwamba alikosea. Katika ukoo atafutwe mtu mmoja ambaye bado anamtazama mtoto kwa jicho la kawaida, nyanya au mjomba, na awe ndiye mlinzi. Kiongozi wa dini anayeheshimiwa na familia lakini asiyekubaliana na mwonaji yule anaweza kufanya kwa ziara moja kile ambacho mshauri hangekifanya kwa vikao vitano. Hatari ikiwa ya sasa hivi, yaani kuna majeraha, kamba, au mpango wa kumfukuza mtoto, siri ya kazi haimzuii mshauri kutafuta msaada wa idara ya masuala ya jamii na mahakama ya watoto, wala kuulizia nafasi katika nyumba zinazopokea watoto wa mtaani, kama zile za Bakanja zinazoendeshwa na Wasalesiani. Lakini mtoto akishafika kwenye nyumba ya aina hiyo, njia ya kurudi kwao huwa ndefu, kwa hiyo ukoo ujaribiwe kwanza wakati bado inawezekana.

Pale ambapo dawa inahitajika

Kusikia sauti ya marehemu katika majuma ya kilio, kuota babu akiuliza kwa nini jina lake halijapewa mtoto, au kunena kwa lugha ndani ya ibada si dalili za ugonjwa kwa vyenyewe. Kipimo chenye kufaa ni kuuliza watu wa imani ile ile: wao wenyewe wakisema "hivi sivyo tunavyosali", mtu asipolala siku kadhaa, asipokula, akianza kutii sauti zinazomwamuru ajidhuru au awadhuru wengine, apelekwe kwa wataalamu, kwa mfano katika kituo cha magonjwa ya akili cha Dr. Joseph Guislain cha Mabradha wa Upendo. Shirikisho la Madaktari wa Akili Duniani lilitamka mwaka 2016 kwamba dini na hali ya kiroho ya mgonjwa vizingatiwe katika uchunguzi na matibabu, kwa hiyo kumpeleka mtu kwenye kituo hakumaanishi kumwondoa katika maombi yake.

Ugomvi hutokea kuhusu vidonge. Mgonjwa wa kifafa anayetumia fenobabitali akiambiwa katika mkesha kwamba amepona na dawa ni ukosefu wa imani, akaiacha ghafla, anaweza kupata degedege mfululizo zinazoua. Mwenye kisukari akifunga siku tatu bila maji yuko hatarini pia. Mshauri asishindane na uponyaji. Amuulize mteja kama anayemponya anaweza kuungoja uthibitisho wa daktari, na akubaliane naye, kwa maandishi mafupi ikiwezekana, kwamba dozi haibadilishwi na mtu yeyote isipokuwa aliyeiandika. Wachungaji wengi, wakiendewa mapema na kwa heshima, hukubali kuitangaza kanuni hiyo wao wenyewe.

Mtu mzima mwenye akili timamu anayekataa tiba kwa sababu ya dini, kama Shahidi wa Yehova anayekataa kuongezewa damu, ni habari nyingine. Mshauri ahakikishe mambo mawili tu: kwamba anaelewa kinachoweza kumpata, na kwamba anasema hivyo hata ndugu zake na wazee wa kutaniko wakiwa wametoka nje. Akishayahakikisha, aandike maneno ya mteja katika faili kama yalivyosemwa, aweke tarehe na saini, na abaki naye.